Kompyuta Iliyohitaji Barua ya Kanisa

Siku mliponikatia keki, vijana wa kitengo cha data, mliniomba niwaandikie machache kuhusu nilivyoanza kazi. Nimeyafikiria hayo machache kwa wiki sita. Nimeandika mianzo minne na kuifuta yote, kwa sababu yote ilianza na kompyuta, na sijawahi kukutana na mtu anayefurahia kusoma habari za kompyuta ya mtu mwingine. Kwa hiyo naanza na bahasha.

Miaka ya tisini ilipokuwa inaelekea ukingoni, mradi wetu wa kifua kikuu ulikuwa na maabara moja na zahanati mbili. Maabara ilikuwa Kiboko, hatua chache kutoka barabara ya Mombasa: chumba cha darubini, chumba cha makabati, na choo ambacho ufunguo wake ulikaa na mlinzi. Zahanati zilikuwa ng'ambo ya mto Athi, upande wa Kitui, moja Kanyangi na nyingine Mutomo. Makohozi yalikuja kwa gari la mradi kila Jumatatu. Majibu yalirudi ndani ya bahasha ya kaki. Utingo wa basi alikabidhiwa pale Kibwezi, basi likapita Ikutha, likafika Mutomo kama halikukwama mchangani.

Juu ya bahasha kulikuwa na muhuri wa maabara. Maana yake ni kwamba hata kabla haijafunguliwa, ilikuwa imeshasema. Na mara nyingi ilifika imefunguliwa. Kulikuwa na mama mmoja aliyeajiriwa kupikia watu wengi. Asubuhi moja alifika kazini akakuta mwiko uko mikononi mwa mtu mwingine. Jibu lake la makohozi yeye alikuwa hajaliona. Lilikuwa limeshuka stendi, likapita kwenye kinu cha posho, likafika jikoni kabla yake. La kuudhi zaidi ni kwamba karatasi yenyewe ilisema hana ugonjwa. Hakuna aliyesoma mpaka hapo. Walisoma muhuri.

Mama huyo ndiye aliyefanya niajiriwe, ingawa tangazo la kazi halikusema hivyo. Lilisema tu kwamba anatafutwa "mtaalamu wa hifadhidata mwenye kujituma".

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, shahada mpya, na kalamu tatu mfukoni: moja ya kuandikia na mbili za kutuliza moyo. Baba yangu alikuwa na duka Kibwezi. Alihamia huko kutoka Murang'a kabla sijazaliwa, kwa hiyo Kikamba changu kilikuwa cha dukani: niliweza kusalimia, kupima sukari na kuaga. Kazini tuliongea Kiswahili chetu cha bara, kile ambacho mtu wa Mombasa akikisikia hukuangalia kama mgonjwa. Wiki nzima kabla ya kuripoti nilijiuliza maswali. Je, nikiulizwa jambo nisilolijua? Je, nikiulizwa nilijualo, lakini kwa Kikamba? Je, nikikalia kiti cha mtu?

Nilikalia kiti cha mtu.

"Hicho ni changu," alisema mama mmoja mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. "Lakini kaa tu, mwanangu. Ukikaa hapo ni wewe utakuwa unashika simu, na mimi nitapumzika."

Huyo alikuwa Mama Kalondu, mtunza rekodi. Kabla ya rekodi alikuwa ameendesha redio ya mawasiliano kwa miaka mingi, ile ya kubonyeza kitufe, kusema, kisha kumalizia na "ova". Redio yenyewe bado ilikuwepo, juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha mapambo kama runinga ya watu wenye uwezo. Alijua sauti ya kila mtu wa mradi kutoka Kibwezi hadi Kitui mjini. Jumapili alikuwa mzee wa kanisa, na Jumatatu hakuacha kabisa kuwa mzee wa kanisa.

Kazi niliyopewa ilielezwa kwa sentensi moja na mkuu wa mradi, mtu aliyependa sentensi moja moja. "Mutuku akishaidhinisha jibu kwenye hifadhidata, nataka hifadhidata yenyewe ilipeleke Mutomo, likiwa limefungwa kwa siri, bila mkono wa mtu kuligusa." Mutuku alikuwa fundi wa darubini. Nilimwuliza mkuu kwa nini nisichukue faili mwenyewe nikalituma. Akasema, "Mikono ndiyo iliyotuponza." Akaenda zake.

Simu ya Mutomo wakati ule bado ilipitia kwa opereta. Unazungusha, Mutinda wa kituo cha simu anaitika, unamwomba laini, unasubiri zamu yako. Ukishapata, pande zote mbili mnasalimiana kwa mdomo, mnahesabu mpaka tatu, mnawasha modemu, na laini inaanza kulia kama mbuzi aliyebanwa mlangoni. Baada ya kila dakika kadhaa Mutinda aliingia katikati kwa adabu kubwa na kuuliza, "Mnaendelea?" Modemu haikujua kumjibu. Mawasiliano yakakatika. Ilitubidi kumpelekea Mutinda ujumbe rasmi kwamba ile kelele ni watu wakiongea. Alikubali, lakini aliniambia siku moja, kwa sauti ya mtu aliyenyang'anywa kitu, "Zamani simu ya maabara ilikuwa tamu." Hapo nilielewa kwa nini tunahitaji kufunga mafaili kwa siri.

Upande wa Mutomo alikuwepo Muli, afisa wa tiba ambaye mji mzima ulimwita daktari, naye hakujisumbua kuwarekebisha. Kompyuta ya zahanati aliifunika shuka ya wagonjwa kwa sababu ya vumbi jekundu.

Nilianza kwa mkono. Nikiwa nimekaa kwenye kompyuta yangu, chini ya jina langu, niliandika amri, na faili la majaribio likafika Mutomo. Mara ya kwanza kabisa programu ilinionyesha alama ya mashine ya Muli, mfuatano wa jozi kumi na sita za tarakimu na herufi, ikauliza kama naijua na kama iendelee. Nikajibu ndiyo. Baada ya hapo haikuuliza tena. Nilifurahi. Nikaiweka amri ileile ndani ya hifadhidata, ili Mutuku akibonyeza "idhinisha", faili liandikwe, mlango wa siri ufunguliwe, faili lipite, na mstari uandikwe "limetumwa".

Mutuku akabonyeza. Laini iko wazi, modemu inalia, hakuna kinachopita. Baada ya robo saa Mutuku akatoa kichwa mlangoni.

"Wambui, kwani umefanya nini? Siwezi kuingiza sampuli. Kila kitu kimeganda."

"Kila kitu?"

"Kila kitu. Hata ya Kanyangi."

Nilikuwa nimefanya kosa ambalo naomba msilirudie: niliweka utumaji ndani ya shughuli ambayo haijafungwa. Hifadhidata ilikuwa imelishika jedwali la sampuli kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukingoja Mutomo, na watu wote wa maabara wakasimama nyuma yake kama foleni ya maji. Hilo nililirekebisha siku ileile. Jibu likiidhinishwa linaingia kwenye jedwali la foleni, shughuli inafungwa, watu wanaendelea na kazi zao, na utaratibu mwingine unakuja kuchukua kilicho kwenye foleni. Lakini faili bado halikwenda. Kwa mkono linaenda, kutoka ndani ya hifadhidata linakaa.

Niliandika kwenye daftari sababu zinazowezekana. Zilifika ukurasa wa tatu. Joto, modemu, Mutinda, urefu wa jina la faili, mimi kukosea shahada. Nilijaribu kila moja, isipokuwa ya mwisho ambayo sikujua inajaribiwaje. Siku ya tisa Mama Kalondu alivuta kiti.

"Nieleze kama unavyomweleza mtu wa kawaida. Ukituma wewe, inaenda?"

"Inaenda."

"Ikituma hiyo databesi, inatuma kama wewe?"

"Ndiyo. Ni amri yangu ileile."

"Sikuuliza amri. Nimeuliza nani anasimama mlangoni. Ni wewe, ama ni mtu mwingine amevaa koti yako?"

Nilifungua seva nikaangalia. Hifadhidata haikufanya kazi chini ya jina langu. Ilikuwa na jina lake ndani ya seva, chumba chake, na orodha yake ya mashine inazozijua. Orodha hiyo ilikuwa tupu. Mimi nilikuwa nimejulishwa kwa mashine ya Mutomo, yeye hajajulishwa. Kila alipofika mlangoni programu ilimwuliza kwa upole, "Mashine hii unaijua? Niendelee?" na hakukuwa na mtu wa kujibu, kwa hiyo alisimama pale, na adabu zake zote, mpaka laini ikakatika.

Nilimweleza Mama Kalondu. Akacheka mpaka miwani ikamdondoka.

"Huyo ni mtu amehamia mji mwingine bila barua," alisema. Kwao, mshirika akihama kutoka kanisa moja kwenda lingine hubeba barua ya mchungaji wake, inayosema huyu ni fulani, tunamjua, mpokeeni. Asipokuwa nayo anaruhusiwa kusikiliza mahubiri, lakini meza ya Bwana haisogelei. "Hata kama mama yake alikuja na barua mwaka jana. Barua ya mama ni ya mama."

Kulikuwa na njia ya mkato, nayo mtaikuta hata leo imeandikwa kwa herufi kubwa katika miongozo mibaya. Unaiambia programu iseme ndiyo kwa kila mashine inayokutana nayo. Nilimtajia, nikidhani ataifurahia kwa kuwa ni mstari mmoja tu.

"Yaani mtu yeyote akibisha, apewe majibu?"

"Si yeyote. Yeyote atakayekuwa upande wa pili wa laini."

"Kama utingo."

Sikuandika mstari huo. Niliichukua alama ya mashine ya Muli, nikaiweka kwenye orodha ya hifadhidata. Nikamtengenezea mtumiaji wa hifadhidata ufunguo wake mwenyewe, faili lake likafungwa asilisome mwingine yeyote, na nusu nyingine ya ufunguo huo nikaipeleka Mutomo mwenyewe kwa disketi, nikiwa nimeishika mapajani safari nzima ndani ya gari la mradi. Dereva aliniuliza kama ni yai.

Baada ya hapo ilikwenda. Kwa miezi kadhaa ilikwenda vizuri mno hata nikaanza kuwa na wasiwasi. Niliongeza mambo matatu madogo ambayo bado nayafanya. La kwanza, faili lilitumwa likiwa na jina la muda, na likabadilishwa jina likishafika lote, ili Muli asifungue nusu ya majibu. La pili, neno "limetumwa" halikuandikwa mpaka mashine ya Mutomo ijibu na ukubwa wa faili ulingane. La tatu, kila jaribio, lililofaulu na lililokataa, liliacha mstari kwenye jedwali la kumbukumbu. Mutuku aliliita jedwali hilo shajara ya Wambui, kwa sababu lilikuwa refu na lilijaa malalamiko.

Kisha ikaja wiki ya yule mama.

Jumatatu hiyo Muli alikuja mwenyewe na gari la sampuli. Alitusubiri tubaki watatu, mimi, yeye na Mama Kalondu, ndipo akasema, "Mama wa mwiko amerudi." Hakutaja jina. Alikuwa akikohoa kwa wiki kadhaa, amekonda, na safari hii Muli alikuwa na hofu ya kweli. Ilimchukua siku tatu kumshawishi atoe makohozi. Alikubali kwa sharti. "Ameniambia, nitarudi Alhamisi. Nikikuta jibu limekuja kwako peke yako, nitakaa tuongee. Nikikuta halijafika, ama nikisikia limetajwa mahali, saa sita gari la Voo likipita naingia, naenda kwa dada yangu, na usinitafute."

"Atakwenda kweli?" niliuliza.

"Wewe hujamwona. Atakwenda, na kifua kitaenda naye, na watoto wa dada yake wapo nyumbani."

Alhamisi asubuhi Mutuku aliitazama slaidi mara ya pili, kwa sababu hakutaka kukosea na hii, kisha akaidhinisha. Ilikuwa saa nne na nusu. Nilipata laini kwa Mutinda saa tano kasoro robo, na hiyo ilikuwa bahati. Siku nyingine ungengoja mpaka baada ya chakula. Tukasalimiana na Muli, tukahesabu mpaka tatu, modemu zikalia. Nikaangalia kumbukumbu nikitarajia "limetumwa".

Mstari ulisema kwamba mashine iliyoko Mutomo si ile tunayoijua. Mawasiliano yamekataliwa.

Niliwaza kwamba kuna mtu amejipachika katikati ya laini. Nikajibishana na nafsi yangu: nani atajisumbua kuteka makohozi ya Mutomo? Nikajibu tena: ni nani aliyejisumbua kufungua bahasha? Modemu bado zilikuwa zimeshikana, na sikuthubutu kukata, kwa sababu kuirudisha laini kungetumaliza. Mama Kalondu alikuwa ameshavua kitambaa kwenye redio.

"Mutomo, Mutomo, hapa Kiboko. Muli, itika. Ova."

"Kiboko, nakusikia. Mbona sioni kitu huku? Ova."

Nilichukua kisemeo. "Daktari, kompyuta yako ina nini? Inasema si yenyewe. Ova."

"Aa. Radi ilipiga Jumamosi. Fundi wa Kitui alikuja akaweka diski mpya, akaanza kila kitu upya, akarudisha na ule ufunguo wa disketi yako. Nilidhani ni kompyuta tu, kwani kuna shida? Ova."

Hiyo ilikuwa habari njema, kama ilikuwa kweli. Mashine iliyoanzishwa upya hupata alama mpya. Lakini mtu mbaya naye angesema nini tofauti? Muli aliendelea, sasa kwa haraka. "Sikiliza, mgeni wangu yuko hapa kwa benchi, ni yeye peke yake leo. Amekuja mapema. Anaangalia barabara. Niambie tu ndiyo ama hapana. Neno moja. Ova."

Nilibonyeza kitufe, na nakiri kwamba neno lilikuwa karibu. Ningeweza kulipata, funguo zote za hifadhidata nilikuwa nazo mimi. Lakini redio ile ilikuwa ikisikika Kanyangi, ilisikika ndani ya gari la mradi, ilisikika kwa kila mwenye masafa yale kusini yote ya Kitui. Mtu mmoja kwenye benchi, neno moja hewani. Ingekuwa bahasha tena, safari hii yenye spika.

"Siwezi," nilisema. "Mpime uzito kwanza. Ova."

"Nimempima mara mbili. Ova."

Hapo ndipo mazoea yangu ya kufikiria kila kitu mpaka kichoke yaliponifaa kwa mara ya kwanza maishani. Nilijiuliza: katika haya yote, siri ni ipi hasa? Jibu la mama ni siri. Ufunguo ni siri. Lakini alama ya mashine si siri. Kazi yake ni kutambulisha tu, kama sura. Inaweza kusomwa sokoni kwa kipaza sauti na isimdhuru mtu. Kitu pekee ninachohitaji ni kuisikia kutoka kwa mdomo ninaoujua, nikilinganisha na ile inayoonekana kwenye kioo changu.

"Mama, una hakika huyu ni Muli?"

Mama Kalondu alichukua kisemeo. "Muli, Jumapili ya mkutano wa wilaya uliimba sauti gani? Ova."

"Besi. Na wewe ukaniambia ninyamaze, nawaharibia. Mbele ya watu. Ova."

"Ni yeye," alisema Mama Kalondu. "Bado ana uchungu."

Nilimwelekeza Muli aiitishe alama kwenye kompyuta yake na aisome jozi kwa jozi. Herufi zilikuwa A mpaka F, na kwa redio yenye kukwaruza zote hufanana. Mama Kalondu akaamuru zisomwe kwa majina ya Biblia, kama alivyozoea tangu zamani.

"Tatu, Abrahamu," alianza Muli. "Saba, saba. Daudi, nne. Filemoni, Eliya. Halafu… C ni nani? Ova."

"C hana mtu," alisema Mama Kalondu. "Sema chumvi. Ninyi ni chumvi ya dunia. Ova."

"Chumvi, mbili. Barnaba, Barnaba. Tisa, chumvi…"

Sauti ya tatu ikaingia, ya dereva wa mradi aliyekuwa Kanyangi. "Kiboko, mmefungua kanisa saa hizi? Ova."

"Nyamaza, tunampokea mgeni," alisema Mama Kalondu. "Muli, endelea. Ova."

Jozi kumi na sita. Nilizifuata kwa kalamu kwenye kioo, moja moja, na zote zililingana. Ilikuwa saa tano na dakika arobaini. Niliiandika alama mpya kwenye orodha, nikaamuru hifadhidata ijaribu tena.

Ikakataa. Mashine hii si ile tunayoijua.

Kwenye redio Muli alisema kwamba mgeni wake amesimama, na kwamba amempima uzito mara ya tatu na urefu mara mbili, na hana kitu kingine cha kupima. Mama Kalondu alinikaribia, akaangalia kioo ambacho hakikuwa na maana yoyote kwake, akauliza polepole, "Hiyo barua umeandikia nani?"

Nilikuwa nimeiandika kwenye orodha yangu mwenyewe. Miezi yote ile, ukurasa mzima wa maelezo niliokuwa nimeubandika ukutani kwa ajili ya wengine, na siku ilipofika nilijijulisha mimi tena. Niliihamishia kwenye orodha ya hifadhidata, vidole vikikosea herufi, nikafuta, nikaandika upya. Nikaamuru.

Modemu zililia. Kumbukumbu ikaongeza mstari, ikaongeza mwingine. Faili limefika. Jina limebadilishwa. Ukubwa unalingana. Limetumwa.

Redio ilikwaruza kwa muda nilioona mrefu kupita kiasi, kisha Muli akaja hewani.

"Imefika. Ova."

"Na mgeni wako?" Mama Kalondu aliuliza. "Ova."

"Mgeni ameingia ndani. Nafunga mlango. Na nyinyi nawafunga pia. Ova na kwaheri."

Akazima redio. Kupitia dirisha niliona malori ya Mombasa yakipita kama kawaida, na mlinzi akimkatalia mtu ufunguo wa choo. Mutuku alikuja kuuliza kama imeenda, nikasema imeenda, akarudi kwenye darubini yake. Yeye alijua jibu. Mimi sikulijua, na mchana ule wote, nikiwa na funguo zote mfukoni, sikulifungua. Nilijishughulisha na kuandika hatua moja mpya kwenye karatasi ya ukutani: mashine ikibadilishwa, daktari apige redio kabla ya kupiga simu. Muli aliisoma baadaye akasema imemlenga yeye. Ilikuwa imemlenga yeye.

Mengine yaliyofuata mnayajua, maana mengi mliyakuta. Laini za opereta ziliondoka, Mutinda akahamia kazi nyingine ambayo natumaini ilikuwa na mazungumzo ndani yake. Modemu zikaenda ghalani. Programu zimebadilika majina mara nyingi, lakini swali la mlangoni ni lilelile, na kila mwaka nimemkuta kijana mmoja akiniambia, "Kwa mkono inaenda, kutoka kwenye hifadhidata haiendi." Mimi humwuliza nani anasimama mlangoni. Wengine hudhani nimezeeka.

Lakini nilitaka kumaliza ya mama wa mwiko. Dawa wakati ule zilikuwa za miezi minane, na watu wengi waliziacha njiani wakishapata nguvu kidogo. Sikuuliza. Nilijiambia kuuliza ni kuchungulia, kisha nikajiambia kutouliza ni ubaridi, na hivyo miezi ikapita. Siku moja Muli alishuka kutoka kwenye gari la sampuli, akanywa chai yangu bila kukaribishwa, akasema kana kwamba anaendeleza mazungumzo ya jana:

"Amemaliza. Wiki iliyopita. Hakukosa hata siku moja. Na amepata jiko lingine, kubwa kuliko lile."

"Wapi?"

"Wewe ni mtu wa kompyuta. Jiko la wapi linakuhusu nini?"

"Nilitaka tu kujua ni nani."

"Hapana. Hujui, na ukae hivyo hivyo." Alimalizia chai. "Lakini amekutumia salamu."

"Mimi? Ananijua?"

"Nilimwambia kuna msichana Kiboko aliyekataa kutaja neno lake kwa redio. Akauliza anaitwa nani. Nikamwambia siwezi kukutaja, kwa sababu hata wewe jina lake hulijui."

"Akasema nini?"

"Alicheka. Akasema, mwambie basi tuko sawa."